Mtu wa Kukaa na Mzee Breki

Hospitali walipomruhusu Mzee Breki arudi nyumbani, nesi alimvuta mwanawe pembeni, karibu na mabeseni, akamwambia mambo mawili. La kwanza, baba yako amepona kadiri atakavyopona. La pili, huko nyumbani hahitaji nesi. Anahitaji mtu.

"Mtu gani?" mwanawe akauliza.

"Mtu tu. Wa kumsaidia kuoga, kuvaa, kumpikia, kumsogeza nje apate hewa. Dawa anameza mwenyewe, sindano hana."

Kijana akaona kazi yenyewe ndogo. Mtu! Mji mzima umejaa watu, ukirusha jiwe haliangukii chini, linaangukia kichwa cha mtu. Alikuja kujua baadaye kwamba nesi anapatikana. Mtu ndiye shughuli.

Huyo kijana wanamwita Gesi. Ni fundi wa kuchomelea vyuma: mageti, grili, vitanda vya chuma vinavyolia ukigeuka. Wageni wanadhani jina limetokana na mtungi wa kazini. Hapana. Limetokana na kwamba ukimsogelea na kiberiti mnalipuka wote wawili. Aligombana na mteja mpaka mteja akaondoka na nusu ya geti. Aligombana na mwavuli uliokataa kufunguka mvua ikinyesha, watu wakiwa wamesimama barazani wanatazama, na mwavuli ukashinda.

Baba yake alifundisha udereva maisha yake yote. Gari la kufundishia lina breki mbili, moja ya mwanafunzi, moja ya mwalimu. Mzee alizeekea kwenye kiti cha kushoto, mguu juu ya breki yake, kimya, uso kama wa mtu anayesubiri basi. Mwanafunzi akikosea, gari linasimama. Hakuna makelele. Linasimama tu, na paji la uso la mwanafunzi linasalimiana na usukani. Ndiyo maana akaitwa Breki. Sasa kiharusi kimemchukulia upande wa kushoto, mkono na mguu, kikamwachia wa kulia na ulimi. Ulimi hakikuugusa hata kidogo. Wako waliosema hapo ndipo kilipokosea.

Nyumba yao ni vyumba viwili na sebule, na kibaraza kinachotazama njia panda. Mzee akishasogezwa pale asubuhi na kiti chake cha magurudumu, siku imeanza. Anahukumu madereva. "Huyo hajatazama kioo." "Huyo leseni kapewa harusini." Mama watoto alifariki zamani. Wamebaki baba na mwana, na dada mkubwa, ambaye ana maisha yake.

Dada mkubwa yuko ofisi ya bima, anaishi ghorofa ya nne, jengo halina lifti. Anampenda baba yake kwa nguvu zote, na yeye akipenda kitu anakipangia ratiba.

"Mdogo wangu," alisema kwenye simu, spika ikiwa wazi, mzee anasikia, "wewe unashinda kwenye moto na vyuma. Baba anabaki na nani? Na kuta?"

"Natafuta mtu, dada."

"Unatafuta. Haya. Jumapili ya mwisho wa mwezi nakuja na gari. Nikikuta mtu wa maana, sina neno. Nisipomkuta, Baba namchukua, anakaa kwangu. Chumba nimeshapaka rangi."

"Rangi gani?" mzee akauliza kutoka kitini.

"Krimu, Baba. Nzuri sana."

"Hm," mzee akasema, kama mtu aliyesomewa miaka yake gerezani.

Gesi alielewa, hakuhitaji kuchorewa ramani. Zile ngazi baba yake atapandishwa kwa kubebwa, na akishafika juu, atashuka siku atakayobebwa na wengi. Hakuna kibaraza kule. Kuna dirisha, na dirisha linatazama tangi la maji la jengo la pili. Akaapa mtu atapatikana.

Alianza na nguvu. Kwa akili ya Gesi, mzee ni mzito, kwa hiyo tatizo ni uzito, na dawa ya uzito ni misuli. Akamleta Tofali, mpakia mizigo wa sokoni, kijana mwenye kifua kama kabati la nguo na moyo mwema kabisa. Tofali aliingia, akasalimia, "Shikamoo mzee," na kabla marahaba haijatoka mdomoni akamnyanyua mzee kutoka kitandani. Mzee alikuwa anakunywa chai. Akanyanyuliwa na kikombe.

"Kijana," mzee akasema akiwa hewani, "tunakwenda wapi?"

"Bafuni, mzee."

"Nani kakwambia nataka bafuni?"

Tofali akasimama katikati ya sebule kufikiria. Alikuwa hajaulizwa swali gumu hivyo tangu aache shule.

"Unanibeba kama gunia la nini?"

"Gunia la mchele, mzee," Tofali akajibu kwa adabu zote. "La saruji nalibeba begani."

Jioni Gesi alipouliza kazi imekwendaje, mzee alisema, "Yule ni mtoto mzuri. Kafeli. Mrudishe kwenye vitu visivyojua vinakokwenda." Tofali hata hakununa. Aliomba ruhusa tu ya kumalizia chai yake.

Gesi akabadilisha gia. Kama nguvu si dawa, basi utaalamu. Akaenda kwa wakala mmoja mwenye ofisi ya vioo, akaletewa mama mmoja aliyevaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka linasimama peke yake. Mama Koti akavuta stuli mbele ya mzee, akainamisha kichwa upande, akatoa sauti ile ya kuongea na mtoto mchanga.

"Haya, tumeamkaje leo, babu yetu?"

"Mimi nimeamka vizuri," mzee akasema. "Wewe sijui."

"Tumekula?"

"Wewe umekula?"

"Ha ha, babu yetu mchangamfu! Haya, fungua mdomo. Aaaa."

Kijiko cha supu kilikuwa kimeshafika puani. Mzee akaushika mkono wa Mama Koti kwa mkono wake wa kulia, ule mzima, akaushusha polepole mpaka kijiko kikalala kwenye bakuli. Akakichukua mwenyewe. Supu ikamwagika kidogo kifuani, na Mama Koti akaruka kumpangusa kabla haijatua.

Siku ile Gesi alikuwa nyumbani, umeme umekatika karakana. Mama Koti akamgeukia juu ya kichwa cha mzee. "Samahani ndugu, anapenda supu ya moto au ya vuguvugu?"

"Si huyo hapo? Muulize."

"Nakuuliza wewe. Wazee wenyewe hawajui wanachotaka."

Gesi akawaka. Alisema maneno ambayo ukiyaondoa matusi yanabaki mawili, "mlango" na "huo". Mama Koti akatoka koti likiwa bado limenyooka. Na hapa ndipo balaa lilipoanzia, maana mara hii Gesi alikuwa na haki. Hasira ni hasara, wamesema, lakini kuna siku inapatia, na mtu mwenye hasira akipatia mara moja anadhani ana kipaji.

Wiki zikakatika. Wakaja wengine, wakaenda. Mmoja alilala kabla ya mzee. Mwingine alikuwa mwema ila aliongea bila nukta, mzee akajifanya kiharusi kimefika masikioni. Jumapili inakuja, dada anapiga simu kuuliza mzee alale upande wa dirisha au wa mlango.

Jirani na karakana ya Gesi kulikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na nje ya duka mlinzi wao, mzee wa makamo aliyeitwa Afande, ingawa hajawahi kuwa askari wa popote. Alilinda lile duka tangu halijapakwa rangi. Mwezi ule tajiri aliweka kamera, akamshukuru Afande kwa utumishi wake. Afande akaenda nyumbani, na kesho yake akarudi kukaa palepale kwenye kiti chake cha plastiki, chini ya kamera, na chupa yake ya chai.

"Si wamekupumzisha?" Gesi akamuuliza.

"Wameniambia niende nikapumzike," Afande akasema. "Nikawauliza, sasa hapa nilikuwa nafanya nini?"

Gesi akamtazama. Mkono mtupu haulambwi, lakini aliyeishiwa hachagui. Akamchukua.

Mzee Breki alimhoji mwenyewe kibarazani, Gesi amesimama pembeni kama mshenga.

"Unajua kupika?"

"Chai. Na wali, kama unapenda ulioshikana."

"Nguvu unazo?"

"Nilikuwa nazo."

"Ulishawahi kutunza mgonjwa?"

"Hapana. Mimi najua kukaa na mali ya watu mpaka kuche ikiwa nzima."

"Kwa hiyo mimi mali?"

Afande akamtazama mzee juu mpaka chini, kama anayekagua kufuli. "Mali haina ulimi, mzee. Kwako kazi ni ngumu zaidi."

Mzee akacheka. Lilikuwa cheko la kwanza tangu hospitali, lilitoka na vumbi.

Siku za mwanzo Gesi alikuwa na raha. Anatoka alfajiri, anarudi jioni, mzee ameoga, shati safi, anamsema dereva wa lori. Tatizo likaletwa karakana na fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara ya nyumbani, mtu ambaye macho yake yako kwenye sindano ila yanaona mtaa mzima.

"Gesi, kaka, nisije nikaonekana mchonganishi."

"Sema."

"Yule mtu wako anakaa."

"Anakaa vipi?"

"Anakaa, bwana! Kitako! Leo mzee kahangaika na vifungo vya shati toka nilipoanza kushona sketi. Sketi imeisha, mwenyewe kaja kaichukua, mzee yuko kifungo cha pili. Na mtu wako yuko kitini, mikono magotini, anamtazama kama taarifa ya habari."

Gesi hakusema kitu. Watu wa karakana walipoona hasemi kitu, wakasogeza mtungi mbali.

Kesho yake mchana akaacha kazi katikati, na miwani ya kuchomelea ikiwa bado kichwani, akaenda nyumbani bila kupiga hodi. Alipita kwa nyuma. Akachungulia dirisha la sebule, kwenye grili aliyoichomelea mwenyewe.

Baba yake alikuwa chini. Kwenye sakafu, kwa tumbo, mkono wa kulia umekamata chuma cha kiti cha magurudumu, anavuta, uso umemwiva, mshipa umesimama shingoni. Na Afande yuko kwenye stuli, hatua moja kutoka pale, kidevu mkononi. Anaangalia.

Gesi hakumbuki alivyoingia. Mlango unakumbuka, bawaba moja mpaka leo haijakaa sawa.

"We Afande! Macho yako ya mapambo? Baba yangu anagaagaa chini unamtazama kama mpira?"

"Subiri, kija..."

"Nisubiri nini? Nisubiri afe? Toka! Chukua chupa yako utoke!"

Na kwa kuwa Afande alichelewa kuichukua, Gesi akaichukua kwa niaba yake. Chupa ilitoka mlangoni, ikagonga kibaraza, ikabiringika mpaka njia panda, dereva mmoja akaikwepa vizuri sana. Halafu Gesi akainama, akamkamata baba yake kwapani, akamnyanyua mzimamzima, bila hata kumwambia, akamkalisha kitini. Puu.

Afande akasimama, taratibu, maana mlinzi hakimbii. Akamwambia mzee, "Tutaonana, mzee mwenzangu," akatoka, akaokota chupa yake barabarani, akaitikisa sikioni, akaenda zake.

Gesi akabaki anahema. Akasubiri baba yake amshukuru.

"Nilikuwa nakaribia," mzee akasema.

Hakusema tena kitu mpaka jioni. Kimya cha Mzee Breki si cha kawaida. Ukiwa naye unajikuta unakanyaga breki hata kama unaosha vyombo. Gesi alipika, mzee akala mwenyewe. Gesi alifungua redio, mzee akaizima. Mwishowe kijana akashindwa.

"Baba, ulikuwa chini!"

"Nilishuka mwenyewe."

"Ulishuka? Kufanya nini?"

"Kupanda."

Gesi akakaa. Hapo ndipo mambo ambayo jicho lake liliyaona mchana na hasira ikayaruka yalianza kurudi, moja moja, kama wageni waliochelewa. Kiti kilikuwa kimefungwa breki magurudumu yote. Zulia lilikuwa limekunjwa, liko ukutani. Mto wa kochi ulikuwa umewekwa sakafuni, pale ambapo kichwa kingeangukia.

"Unakumbuka nilivyoanguka bafuni?" mzee akasema. "Wiki ile ya kwanza. Ulikuwa una geti la watu. Nililala pale mpaka ulipotoka kazini. Sikulaumu. Nilikuwa natazama chini ya ndoo. Mimi sasa najua chini ya ndoo yetu kulivyo, kuna ufa na alama ya kiwanda. Sitaki kupajua tena."

"Si ndiyo maana naleta watu, Baba!"

"Umeleta watu. Kwa yule mpakiaji ningejifunza kuning'inia. Kwa yule mama, kufungua mdomo. Afande hakunyanyui kabla hajauliza. Anauliza, 'Nije?' Nikisema bado, anakaa. Nikisema njoo, anakuja. Basi. Hiyo ndiyo kazi yake yote, na ulimtupia chupa."

"Sasa ningejuaje?"

"Ungeuliza. Umechagua mtu wa kuniogesha mimi, hukuniuliza mimi. Dada yako kapaka chumba cha kulala mimi, hakuniuliza mimi. Mnanipenda sana, naona. Ila katika gari hili mmeniweka kwenye buti."

Gesi alitafuta kitu cha kukasirikia. Akatazama huku na huku. Mlango ulikuwa umeshapata fungu lake. Akaona hakuna mwingine zaidi ya yeye, na yeye hakuwahi kujigombeza, hakujua panaanziwa wapi.

Kesho yake, Jumamosi, akanunua chupa mpya ya chai, akaenda kwa Afande. Alimkuta nyuma ya nyumba, kwenye kiti, anaangalia kuku wa jirani. Ile chupa ya zamani iko miguuni, ina bonde ubavuni.

"Sikuja na maneno mengi," Gesi akasema.

"Mengi uliyamaliza jana," Afande akasema. "Kaa."

Gesi akakaa. Wakaangalia kuku.

"Nilikosea, Afande. Nilidhani umezembea."

"Nisikudanganye, kijana, mimi mvivu kweli. Kunyanyuka kunanichosha. Baba yako hapendi kunyanyuliwa. Tumekutana, tumeelewana. Usije ukaenda kuwaambia watu nina mbinu."

"Lakini angevunjika je?"

Afande akafikiria. Aliligeuza swali kama anatafuta sehemu ya kushikia.

"Ningekuwa nimekosea, na ungekuwa na haki ya kunitupa mimi badala ya chupa. Ndiyo maana sipepesi macho. Unajua nikitoka kwenu nalala kama nimelima? Tofali akibeba gunia anaweza kuwaza mambo yake. Mimi nikimwangalia mzee siwezi kuwaza langu hata moja. Nina deni la harusi ya binti yangu, sijaliwaza tangu nianze kazi."

"Basi rudi. Kesho dada anakuja na gari. Asipokukuta, mzee anapanda ghorofani."

"Umenifukuza wewe. Lakini aliyeniajiri si wewe. Alinihoji nani?"

Gesi akaingiza mkono mfukoni. Akatoa simu, akampigia baba yake, akampa Afande. Akasikia sauti ya mzee ikisema neno moja.

"Njoo."

Afande akarudisha simu. Akachukua chupa mpya, akaikagua, akaiweka chini. Akaondoka na ile yenye bonde.

Jumapili dada mkubwa akafika, gari limesafishwa, kiti cha mbele kimelazwa, shuka limetandikwa. Alikuwa na uso wa kazi. Akambusu baba yake, akamkumbatia mdogo wake, akatazama nyumba kwa jicho la mtu wa bima, yaani anaona kinachoweza kuungua.

"Huyu ndiye?" akamuuliza Gesi.

Gesi alikuwa na jibu mdomoni. Akalizuia, mtu angeweza kuliona likimpita kooni. "Muulize Baba," akasema.

Dada akamtazama mdogo wake kama amemsikia akiongea Kichina. Halafu akamgeukia mzee. "Baba, huyu anakufanyia nini?"

"Tazama," mzee akasema.

Akafunga breki ya kiti, moja, mbili. Akajisogeza ukingoni. Akaanza kushuka, mkono wa kulia kwenye kochi, mguu mzima mbele, ule mgonjwa ukifuata kama mtoto asiyetaka shule. Dada akapiga ukelele, akaruka.

"Dada, tulia!" Gesi akamkinga kwa mkono. Hajawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kutofanya kitu. Alikuwa anatoka jasho kuliko baba yake.

Mzee akafika chini. Akapumzika, shavu kwenye mto. Akageuka, akakamata kiti, akavuta. Goti likaingia chini ya mwili. Akavuta tena. Kifua kikafika kwenye kiti, kikabaki hapo.

"Nije?" Afande akauliza kutoka kwenye stuli.

"Bado."

Mzee akasukuma, akapanda kidogo, akateleza, akarudi palepale. Akasukuma tena. Dada alikuwa amejifunika mdomo kwa mikono miwili, machozi yanapita katikati ya vidole. Mkono wa mzee ukaanza kucheza.

"Njoo," mzee akasema.

Afande akanyanyuka, akampa mkono mmoja chini ya kiwiko. Mmoja tu. Mzee akausukumia, akageuka, akakaa. Afande akarudi kwenye stuli.

Dada akafuta macho, akarudisha uso wa kazi. "Lakini Baba, hujaweza mwenyewe."

"Sijaweza."

"Sasa?"

"Sasa ningeweza mwenyewe, huyu ningekuwa naye wa nini?"

Dada alikuwa amekuja na hoja nyingi, zimepangwa, na hakuna hata moja iliyokuwa na mlango wa kuingilia hapo.

"Na akianguka wewe hujamwona?" akamgeukia Afande.

"Nitakuwa nimemwona, dada. Ndiyo kazi yenyewe."

"Na wewe?" akamgeukia Gesi. "Unaridhika na hii?"

"Siridhiki hata kidogo," Gesi akasema. "Moyo wangu unataka kutoka nje. Lakini si mimi ninayekaa kwenye hicho kiti."

Mwishowe dada akasema chumba atapangisha, ila kila Ijumaa atakuja, na asikute zulia hilo limetandikwa tena. Akachukua mkoba. Alikuwa mkali kwa kila kitu, hata kwa zipu.

"Ngoja nikusindikize mpaka kwenye gari," mzee akasema.

"Baba, usijisumbue."

"Ngoja nivae viatu."

Kiatu kimoja kilikuwa chini ya meza, kingine karibu na mlango. Mzee akaanza kukivuta cha kwanza kwa fimbo iliyokuwa imeegemea kochi. Dada akatazama saa. Akatazama kiatu. Akanyoosha mkono kidogo, kisha akauona mkono wake mwenyewe, akaurudisha. Akamtazama Afande, Afande akasogea kwenye stuli, akamwachia nusu. Dada mkubwa wa ofisi ya bima akakaa. Gesi akachuchumaa ukutani, mikono ameikalia.

Kiatu cha kwanza kikaingia. Cha pili kikakataa, kikapinduka, kikaenda chini ya kochi. Simu ya dada ikaanza kulia ndani ya mkoba, ikalia mpaka ikachoka.

"Nije?" dada akauliza.

"Bado," mzee akasema, akakifuata kiatu chini ya kochi kwa fimbo yake.